Aliyeniita Kifaranga

Shoga, acha unachofanya, soma hii.

Nilivaa ile miwani ya michezo ya kompyuta, ile ya kukutana na watu mtandaoni, nikaingia bustani ya bembea tuliyopelekwa utotoni mimi na kaka. Ilishabomolewa, lakini kuna mtu ameijenga upya humo, mpaka kutu ya bembea!

Nikasikia nyuma yangu, "Kifaranga, usisukume watu."

KIFARANGA! Nani mwingine ananiita hivyo? Ni kaka! Kaka aliyegombana na baba akatoweka!

Nikamwambia, "Mama anakulilia kila siku."

Akauliza, "Si baba aliniambia mama amekufa?"

Amekufa! Shoga, amekufa!

Nikakimbilia jikoni, nikamvisha mama miwani. Akasikiliza, akauliza tu, "Mwanangu, umekula?"

Sasa mama analia. Nimeubana mlango kwa mgongo. Baba yuko nje, anauliza mama anaongea na nani.