Viazi Juu ya Mitaro

Rumonge, 23 Novemba 1997

Mpendwa kaka Asmani,

Assalaam alaykum. Wewe, wifi Mariyamu na watoto mko salama huko Kigoma? Kile kifua chako kimepoa? Sisi tunamshukuru Mungu, ila mama miguu imemvimba na halali vizuri. Mvua ikianza tu, anakaa kitandani ameshika tasbihi yake mpaka ikatike.

Mvua za mwaka huu hazifanani na zile ulizoziacha. Ziwa limepanda hadi kwenye vibanda vya wauza samaki.

Mlima wetu nao hutautambua. Watu waliokimbia vita huko juu wameshuka, wamejenga vibanda vya shitingi za plastiki, ukuta kwa ukuta, palipokuwa na michikichi ya marehemu baba. Siwalaumu, waende wapi? Lakini kuni zinatakiwa kila siku, na mteremko umebaki mtupu. Mwezi uliopita tope lilishuka likajaa jikoni kwetu. Lilibeba na kibanda cha bibi mmoja, Benedicte, naye akiwa ndani. Tulimkuta chini barabarani.

Jirani yetu Cirhuza, yule fundi matofali aliyetoka Bukavu, ndiye aliyesema tuyakinge maji. Tukachimba mitaro iliyokatiza mteremko, wenyeji na wakimbizi pamoja, tukapanda matete kingoni. Mvua iliyofuata, maji yakatulia mle mle. Siku hiyo mama alicheka.

Kisha wakaja wanajeshi. Mkubwa wao, ambaye wote wanamwita chef, akaingia mtaroni, ukamfika kiunoni.

"Hii mitaro ni ya nani?"

"Ni ya maji, chef," Cirhuza akajibu.

"Maji haijifichi. Watu ndio wanajificha."

Wakatulazimisha kuifukia yote siku ileile. Cirhuza wakampandisha lori, na mpaka leo hajarudi. Mkewe, Chanceline, amezunguka kila kambi, kote anaambiwa hayupo. Sasa analala kwetu.

Nyuma ya nyumba ardhi imepasuka, mkono wangu unazama hadi kwenye kiwiko. Kuhama hatuwezi. Barabara ya Bujumbura magari yanaviziwa na watu wenye silaha, na ufukweni hakuna pa kutandika hata mkeka.

Basi mimi, Chanceline na wanawake wa vibandani tumechimba tena. Safari hii mitaro ni ya kina kifupi, na udongo wake tumeuinua kuwa matuta tukapanda viazi vitamu. Mpita njia anaona shamba tu.

Jana yule mkubwa alipita. Akasimama muda mrefu akitazama matuta, jinsi yote yalivyoukata mlima.

"Mutavuna lini?"

"Machi, chef."

"Nitakuja tuvune pamoja."

Alisema bila kutabasamu. Chanceline alikuwa nyuma yangu na jembe, nikamsikia anaacha kulima.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wifi na watoto, na baba mdogo Hadji ukimwona sokoni. Mwenyezi Mungu awafunike nyote, na mlima huu aushikilie.

Barua hii anakuletea Lukeba mkononi. Ukijibu, usitaje mitaro. Tuulize habari za viazi.

Dada yako akupendaye,
Raisa