Redio ya Kumrudisha Mama Mkwe Kwenye Pijo

Bibi Josefina, shikamoo.

Mpendwa mshauri wetu, nimekwama, naomba msaada. Mimi ni mkazi wa Milanzi hapa Sumbawanga, nina Pijo pikapu ya mwaka sabini na mbili niliyoachiwa na marehemu baba mkwe, na kila Jumamosi nampeleka mama mkwe, mama Evodia, shambani kwake Mwimbi kuangalia ulezi, na mbele tunakaa wawili tu, yeye dirishani mimi kwenye usukani, na wewe unajua mkwe ni mkwe, siwezi kuanza kupiga soga naye, naye hawezi, kwa hiyo miaka yote redio ndiyo ilikuwa inaongea kwa niaba yetu, salamu, matangazo ya vifo, kwaya, mpaka tunafika, sasa mwezi wa tatu ikafa, nikafunga nyingine iliyotoka kwenye gari la Japani, kumbe FM yake inaishia tisini na kituo cha mama kiko juu ya mia, tukaenda Mwimbi na kurudi tunasikiliza mikwaruzo, mimi nakohoa, yeye anakohoa, basi, nikanunua kubwa ya kioo, ile ya kugusa, fundi Loth akasema haiingii mpaka akate dashibodi, mama akamkuta ameshawasha grenda. Mama alimwambia mke wangu Hellena, "Mwambie mumeo hilo ni gari la baba yako, siyo bati la choo," na Jumamosi iliyopita akapita mbele ya nyumba yangu na kikapu chake, akanisalimia vizuri kabisa, akaenda kupanda basi, majirani wanaona. Bibi, nikate au nisikate, na redio gani inafaa gari kama hili? Nataka arudi kwenye kiti chake.

Cleophas, Milanzi

Marahaba, Cleophas. Barua yako nimesomewa mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka chai ikapoa. Ya pili nikakasirika.

Zima hiyo grenda. Tundu ukishakata umekata, na baba mkwe wako hayupo wa kukupa gari jingine. Halafu wewe mtu mzima unanunuaje redio bila kuiwasha palepale na kutafuta kituo? Mimi hata tochi naiwasha kwanza dukani. Hizo za Japani zinaishia tisini, mafundi wote wanajua, ungeuliza ungeambiwa.

Na hiyo ya kioo umeichagua kwa vidole vyako. Mama Evodia amelima ulezi maisha yake yote, leo aguse kioo gari likiruka kwenye mashimo, atagusa wapi? Mimi ni mama mkwe wa wanaume wanne, nisikilize. Hatupandi gari la mkwe tukaanza kuomba, "Baba, niwekee kile kituo changu." Tunanyamaza. Ile ya zamani alikuwa anazungusha mwenyewe, nani wa kumuuliza? Hicho ndicho ulichomnyang'anya, na wala hukuona.

Sasa fanya hivi. Kioo kirudishe. Redio ya zamani mpelekee fundi redio, siyo Loth, Loth ni wa magari. Aache uso wake na zile swichi mbili za kuzungusha, ndani aweke mashine mpya inayovuka mia. Ikishindikana kabisa, nunua ndogo ya kuzungusha, ifungwe chini ya dashibodi kwa kipande cha bati, upande wa mama, siyo upande wako. Dashibodi isiguswe. Na apime nyaya kwanza, maana baadhi ya magari ya zamani yamefungwa chanya na hasi kinyume, utaunguza na hiyo mpya.

Ikishaimba, usiende kwake na hotuba. Mtume Hellena aseme, "Mama, redio ya baba imepona, inakungoja uitafutie kituo." Atakuja. Akiweka kwaya, usipunguze. Akiongeza mpaka ng'ombe wa njiani wageuke, usipunguze. Na siku akiizima mwenyewe katikati ya safari, ujue ana neno lake. Punguza mwendo, umsikilize.