Saa ya Kengele ya Mama Béatrice

Yaya Odette, dada yangu mkubwa,

Mimi mzima hapa Kindu, ila nimechoka moyo. Ile saa ya mfukoni niliyoitamani miaka yote, inayoonyesha mwezi na kulia yenyewe kila robo saa, haipo tena. Mama Béatrice, mjane wa yule mkubwa wa reli, amenipa ganda lake la dhahabu tu. Ndani tupu.

"Wakati wa vita tulijificha mu pori, upande wa Pangi," akaniambia. "Waaskari wanapita karibu, nayo inataka kulia. Bwana yangu akang'oa mashini ya ndani kwa kisu, akaizamisha mu matope."

Nilishindwa kujizuia. Nikamwonyesha kidude kidogo pembeni mwa ganda: ukikisukuma, saa inanyamaza.

Akakitazama kitambo. "Wakati ule, Baba, nani angekitafuta? Watoto yangu wote ndo hawa mezani, wazima. Kula."

Nikala wali wa Kibombo na samaki, nimekasirika, na sina wa kumkasirikia. Joto nalo linanimaliza.

Wabusu watoto wako kwa niaba yangu, yaya, na usinicheke.

Mdogo wako,
Célestin