Punje Nyeupe za Fundi Mansuetus

Mwaka umetimia sasa, Fundi Mansuetus, tangu ulipotuacha hapa Mpepai, na mkeo Kunigunda bado analisikia beseni la bati ulilolitumia kwa haja ndogo likilia chumbani mwako mchana kweupe: ti, ti, ti. Akiingia, haoni mtu.

Ulikuwa fundi uashi usiyependa ujanja. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga na kila mtu akataka nyumba ya tofali, wewe ulimjengea mjane jiko kabla ya kumjengea tajiri duka. Mchanga uliufuata mwenyewe ufukweni mwa ziwa, Lituhi, maana wa mtoni ulisema una udongo. Hata sahani ya ugali ukiiona imekaa upande, uliinyoosha kwanza ndipo ukanawa.

Kisha ukafanyiwa upasuaji, ukakaa na mpira wa mkojo wiki sita. Ulipotolewa, mkojo ukaanza kunuka vikali na kukuunguza, zikawa zinatoka punje nyeupe, ngumu, zikigonga beseni. Daktari akaomba aletewe punje hizo azipime. Majirani wakasema ni mchanga wa ziwa, unadai kurudi kwao kupitia mwilini mwako.

Uliwacheka. Ulizitia kwenye chupa ya dawa, ukamwambia mkeo, “Mama Winifrida, hizi ni za daktari. Ziwa halina habari na mimi.”

Kunigunda aliitikia, halafu akampa chupa mdogo wako Placidi, akazimwage Lituhi. Aliogopa kukupoteza, Fundi, ndiyo maana. Placidi anaapa kwamba punje hazikuzama. Ziwa lilikuwa limetulia, nazo zikamzunguka miguu mpaka alipotoka majini.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe hukuficha, sisi ndio tuliokufichia. Baada ya mazishi daktari alitueleza kwamba huenda walikuwa wadudu adimu, wanaofanya chumvichumvi za mkojo zigande kwenye kuta za kibofu kama chokaa. Angezipata punje mapema, alisema, angejua dawa ya kukujaribia.

Siku ya mwisho ulimuuliza mkeo daktari alisemaje kuhusu ile chupa. Akakujibu, “Kasema utapona, baba.” Ukamshukuru kwa kukuhangaikia, ukageukia ukutani.

Asante hiyo imemlemea mwaka mzima, ndipo akatuomba tukuandikie ukweli.

Unakumbukwa na mkeo Kunigunda, mdogo wako Placidi, na wanao Winifrida na Valence. Hatutakusahau siku zote za uhai wetu. Utusamehe utakapoweza.