Wimbo na Mkwaruzo Wake

Kirolirwe, Jumatano

Santuri ya rumba ya miaka ya hamsini ya Mama Zawadi ilivunjika yeye na familia yake walipokimbia vita kwenda Sake. Yeye mwenyewe ameniambia leo. Hapa kijijini wimbo umebaki kichwani mwake tu, na kifua kinamsumbua.

Ameniimbia wote, hata gitaa kwa mdomo, bila kuyumba. Ila katika ubeti wa pili aliruka maneno, mara tatu, mahali palepale. Nikamwuliza.

Akacheka. "Disiki ilikuwa na mukwaruzo pale, kaka. Siku ya ndoa yangu watu bote waliruka nayo. Mwenye hakuruka, njo mugeni!" Yaani, asiyeruka ndiye mgeni.

Nilikuwa nimepanga kumtafutia wimbo kamili Goma. Sitautafuta.

Naogopa kikohozi chake tu. Ijumaa asubuhi narudi na kinasa sauti, niurekodi anavyouimba yeye.