Meza ya Duara kwa Wachina

Mwanangu,

Huku hatujambo, ila paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo safi. Duka la vitabu pale kona limefungwa. Wale Wachina wenye mkahawa jirani yake wangalipo: mume jikoni, mkewe kwa wateja, na bibi yao pembeni anafungia nyama kwenye vipande vya unga uliokandwa.

Sasa nikwambie, ingawa baba yako kanikataza. Mkono wake wa kulia umepooza tangu mvua zilipoanza. Siku moja nilimkatia nyama mbele ya wageni. Akainuka, na tangu hapo akawa anakula chumbani peke yake.

Jumamosi nikamburuta kwa Wachina. Yule mke alimtazama mara moja tu, akatupeleka kwenye meza ya duara ya watu wanane, yenye sinia linalozunguka katikati.

"Dada, sisi tuko wawili," nikamwambia.

"Kaeni tu, mama."

Kule kila kitu hukatwa jikoni, kisu hakifiki mezani. Hata bibi yao anakula kwa kijiko, si kwa vijiti. Baba yako akalivuta sinia kwa mkono wa kushoto, akajipakulia, akala, akaongeza. Kisha akalizungusha taratibu mpaka sahani ya samaki ikasimama mbele yangu.

"Kula, mama watoto. Unanitazama nini?"

Ukija, usimkatie kitu wala usimpe pole. Mwambie una njaa, akupeleke kwa Wachina.

Ni mimi mama yako, niliyeshiba.