Mkono wa Hoza

Lushoto, Jumanne, 1964

Eti bima ya shamba haimhusu Hoza! Mashine ya mkonge imemkata mkono, na meneja ananiambia, "Huyu ni mtu wako, wakala. Wewe ndiye uliyemwandika na kumleta." Ni kweli. Nimepeleka vijana wengi bondeni, wala sikumkatia bima hata mmoja.

Nilipanda mlimani kumwambia mama yake. "Shikamoo, mama." Akaitikia, akasikiliza.

"Nilikukabidhi wewe, si shamba," akasema. "Sasa atashikaje jembe?"

Nikaanza kueleza habari za fidia, mahakama... Akanikatiza.

"Hayo baadaye. Tangulia ukakae naye, asizinduke peke yake."

Naandika hapa hospitali, kando ya kitanda. Amezinduka sasa hivi. Ameniuliza kama kazi yake bado ipo.